Kwa nini mtu apande mwamba ilhali hakuna anayemfukuza?

Na Mwandishi Wetu, Mbinga

MSAFIRI anayefika Liuli, katika mwambao wa Ziwa Nyasa mkoani Ruvuma, hulakiwa na jiwe la Pomonda lililochomoza majini mbele ya makazi ya watu. Wajerumani walipolitazama waliona umbo la Sphinx, yule simba wa jiwe mwenye kichwa cha binadamu aliyeko Misri, na kwa sababu hiyo bandari hiyo wakaiita Sphinxhafen. Ni hapo ambapo Agosti 13, 1914, meli ya Waingereza iitwayo Gwendolen iliishambulia meli ya Kijerumani, Hermann von Wissmann, ikiwa imepandishwa nchi kavu. Nahodha wake alikuwa hata hajapata habari kwamba vita vimeanza.

Wazee wa mwambao, hata hivyo, hulikumbuka jiwe hilo kwa jambo jingine. Husimulia kwamba nyakati za hatari watu walikimbilia huko wakajificha miambani hadi adui apite.

Huko juu, katika milima ya Wamatengo inayofikia takribani mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, simulizi ni za namna hiyo hiyo. Katika karne ya 19 mashambulizi ya Wangoni yaliwasukuma wenyeji kwenye mapango na miteremko mikali. Kwa kubanwa huko walikuza kilimo cha ngolo, yaani mashimo yaliyozungushiwa matuta ya udongo uliofunika nyasi, ambayo huyanasa maji ya mvua yasiondoke na rutuba. Hadi leo wapo wanaolima maharage na mahindi kwenye mteremko ambao mgeni angeushuka kwa kushikilia majani.

Kwa historia hiyo, si ajabu mwenyeji wa Mbinga amwonapo mtu mzima na akili zake akining'inia kwenye jabali kwa kamba, akauliza anatafuta nini. Mama aliyetoka kupandisha mlima akiwa na mzigo wa kuni kichwani ana haki zaidi ya mtu yeyote ya kuuliza swali hilo. Kwa mababu, kupanda mwamba kulikuwa kunusuru roho. Je, kwa huyu ambaye hafukuzwi na mtu?

Wengi wanaoupenda mchezo huu hawaanzi kwa kutaja kilele. Hutaja ukimya. Mtu akiwa ameegemea jiwe, kidole kimoja kimo ndani ya ufa na ncha ya kiatu iko juu ya ukingo usiozidi upana wa sarafu, hana nafasi ya kufikiria deni, ugomvi wa nyumbani wala kazi iliyomshinda. Akili yote hukusanyika kwenye swali moja dogo: mguu unaofuata utawekwa wapi? Mwamba, tofauti na mambo mengi ya maisha, hutoa jibu papo hapo.

Jambo hili limewavutia hata matabibu. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Erlangen-Nürnberg, Ujerumani, walichapisha matokeo ya jaribio ambalo wagonjwa wa sonona walipanda kuta fupi zilizotengenezwa kwa ajili hiyo, kwa wiki 8. Walipata nafuu kubwa kuliko wenzao waliokuwa bado wanasubiri zamu yao. Si kwamba mwamba unachukua nafasi ya daktari, la hasha. Katika jaribio hilo wagonjwa walikuwa chini ya uangalizi.

Sababu nyingine ni kamba yenyewe, au tuseme mtu aliyeishika. Katika upandaji wa kawaida watu huwa wawili. Mmoja hupanda akiwa amefungwa kamba kwenye mkanda wa kiunoni. Mwenzake hubaki chini akiilegeza au kuikaza kupitia kifaa kinachoibana mara mpandaji anapoteleza. Kamba hiyo hunyumbuka kidogo ili kupunguza mshtuko. Maana yake ni kwamba aliye juu ameuweka uhai wake mikononi mwa aliye chini, na wote wawili wanalijua hilo bila kuambizana. Urafiki wa namna hiyo haupatikani kirahisi barazani.

Mwandishi wa makala haya si mpandaji hodari. Nilipojaribu kwa mara ya kwanza, juu ya jabali moja lisilo refu hata kidogo, nilikwama katikati. Miguu ilianza kutetemeka kama cherehani, nikashindwa kupanda na nikashindwa kushuka. Sahibu yangu aliyekuwa chini hakunicheka wala kunihimiza. Aliniambia tu, kwa sauti ya mtu anayeelekeza njia ya kwenda sokoni, kwamba kulia kwangu, chini ya goti, kulikuwa na mahali pa kukanyaga. Kweli palikuwapo. Sikumbuki sana nilichokiona kileleni; hapo mahali pa kukanyaga ninapakumbuka mpaka leo.

Pengine kisa kinachoeleza jambo hili kuliko vyote ni cha Felice Benuzzi, Mwitaliano aliyekuwa mateka wa Waingereza katika kambi ya Nanyuki, Kenya, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Kutoka kambini aliutazama Mlima Kenya siku baada ya siku, huku uvivu wa kifungo ukimla. Januari 1943 alitoroka na wenzake wawili, wakiwa na zana walizojitengenezea kwa siri, na kwa kuongozwa na picha ya mlima iliyokuwa kwenye karatasi ya kopo la nyama. Walishindwa kufika Batian, kilele cha juu kabisa, lakini Benuzzi na mmoja wa wenzake walifika Lenana na kusimika bendera. Kisha, baada ya siku 18, wote watatu walirudi kambini kwa miguu yao wenyewe na kujisalimisha. Walihukumiwa siku 28 za kufungiwa, wakatumikia 7. Hawakuwa na nia ya kukimbilia popote. Walichotaka ni siku chache za kujiamulia wenyewe.

Pamoja na hayo, mapenzi ya mwamba yana gharama, na upo upande usiopendeza ambao wapenzi wake huupitia haraka. Jiwe lililo kando ya ziwa huwa na utelezi pale mawimbi yanapofika, na kushuka ni kugumu kuliko kupanda kwa kuwa miguu haioni inakokwenda. Kijana anayekwea peku, bila kamba wala kofia ngumu, mbele ya wenzake wanaomshangilia, anaongozwa na macho yao zaidi kuliko na mwamba. Wanaojua mchezo huu hukagua fundo mara mbili, hukubaliana maneno ya kuitana kabla ya kuanza, na hawaoni aibu kurudi chini mawingu yanapokusanyika juu ya ziwa.

Wengine hurudi siku ya pili. Sahibu yangu, kwa mfano, amekwisha kulipanda lile jabali mara nyingi kiasi kwamba analijua kila ufa, na kila aendapo hunitaka niishike kamba.