Mchanga husagwa au hupondeka?

Majuzi nikiwa Mji wa Kale, Mombasa, mhandisi mmoja kijana alinisimamisha. "Prof, nina programu inayoonyesha mchanga ukivunjika chini ya mzigo. Niiite 'maigizo ya kusagwa kwa mchanga'?"

La hasha! Maigizo ni ya jukwaani. Kazi ya kompyuta hapa ni kuiga, kwa hivyo tuseme uigaji. Nako kusaga kunahitaji msagaji na kitu kinachosuguliwa. Chini ya msingi wa nyumba hakuna msagaji. Kuna uzito tu, na chembe zisizouhimili. Kauli ya kutendeka ndiyo inayofaa: chembe hupondeka.

Jambo hili si la wanasarufi peke yao. Mchanga mwingi wa fuo zetu za Pwani ni vipande vya matumbawe na makombe. Chembe zake zina vishimo ndani, hivyo hupondeka upesi kuliko chembe ngumu za mchanga wa mtoni. Zikipondeka, vipande hujaza nafasi zilizo wazi, ardhi ikatitia, na ukuta ukafanya ufa.

Mwaka 1979, Cundall na Strack walieleza njia ya kuiga mchanga: kila chembe ni kama gololi, na kompyuta hukokotoa nguvu pale zinapogusana. Baadaye wataalamu waliunda chembe moja kwa vigololi vingi vilivyogandishwa. Vikiachana, chembe imepondeka.

Mwambie fundi yeyote wa Mombasa, "Mchanga huu unapondeka." Atakuelewa papo hapo, kabla hajamwaga zege.