Usidanganywe na taa, uliza bloku ni ya nini!

Wiki hii sina habari za mapenzi wala mitindo ya nywele. Nina kilio cha kaka yangu, mtoto wa mjomba, niliyekua naye Kighare, huko juu milima ya Upare.

Jamaa alishuka Same mjini, akafungua kichumba cha kuhariri video za harusi. Same si Kighare, bwana! Kwetu usiku unatafuta blanketi, kule feni yenyewe inapuliza moto. Kompyuta ikawa inapanda hadi nyuzi 95, inajipunguza mwendo, kazi hazimaliziki. Akaamua kuipoza prosesa kwa maji.

Mambo yenyewe ni kama rejeta ya gari. Kipande cha metali, wenyewe wanakiita bloku, kinakaa juu ya prosesa na kunyonya joto. Pampu inapitisha maji ndani yake, yanakwenda kwenye rejeta kupulizwa na feni, kisha yanarudi.

Kaka akanunua bloku ya alumini, bei chee, taa rangi zote. Rejeta yake ilikuwa ya shaba. Maji? Ya bombani! Haukupita mwaka, alumini ikaliwa, maji yakamwagikia mazabodi. Video ya harusi ya watu ikapotea. Fedha ya mteja alirudisha, lakini ile harusi nani atairudia?

Wala si uchawi. Alumini na shaba zikikutana ndani ya maji yenye chumvichumvi zinageuka kama betri, na anayeliwa ni alumini.

Sasa tulinganishe. Alumini ni nyepesi na rahisi, ila iende na rejeta ya alumini mwenzake. Shaba inapitisha joto karibu mara 1.7 kuliko alumini. Ndiyo chaguo langu. Shaba iliyopakwa nikeli inapendeza na haichakai rangi upesi, lakini usitegemee ubaridi wa ziada. Chungulia na ndani: vijifereji vyembamba vingi, kama mifereji inayogawa maji ya ndiva kwetu Upare, vinagusa maji zaidi. Ila uchafu kidogo tu, vinaziba. Tumia maji yaliyokenekwa na dawa ya kuzuia kutu na ukungu. Hakikisha pia matundu yanalingana na mazabodi yako. Ya AM4 si ya LGA1700.

La mwisho, hakuna bloku ya namna hii inayoshinda hewa ya chumba. Kama Kighare chumbani ni nyuzi 20 na Same ni 32, zile 12 zitaifuata prosesa yako. Kwa hiyo anza na kufuta vumbi, kufungua dirisha na kununua feni nzuri. Ikishindikana, ndiyo uite maji.

Kaka siku hizi anatumia feni. Ukimtajia taa za rangi, anabadilisha mada! Tukutane wiki ijayo.