Istilahi za Mauziano: Gari la Mbio Ambalo Halijakamilika

Tuchukue mfano wa mkazi wa Mpanda, mkoani Katavi, anayetaka kununua gari la mbio ambalo mafundi hawajalimaliza, pamoja na vipuri vyake. Maelezo ya gari yameandikwa kwa Kiingereza, na mfasiri aombwa aandike hati ya mauziano kwa Kiswahili. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa yataka kitu kiuzwacho kwa maelezo kilingane na maelezo hayo; na tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya mahakama, isipokuwa penye sababu maalumu. Kwa hiyo neno likikosewa, mnunuzi aweza kupoteza haki yake.

Kwanza, aina ya gari. Neno la Kiingereza litajalo njia ya mashindano hutaja pia njia ya treni. Mpanda ndiko inakoishia reli itokayo Kaliua. "Gari la reli" litampeleka msomaji stesheni. "Gari la mbio" nalo halitoshi, kwani tangu Safari Rally ianze mwaka 1953 twajua pia magari yashindanayo barabarani. Yafaa kusema "gari la mbio za uwanjani".

Pili, mageuzi. "Lililorekebishwa" hudokeza kosa lililosahihishwa. Hapa fundi amegeuza umbile la awali. Basi na tuseme "lililobadilishwa muundo".

Tatu, hali. "Gari bovu" liliwahi kufanya kazi, likaharibika. "Lisilokamilika" lina upungufu tu. "Ambalo halijakamilika" ndilo sahihi, kwani kiambishi -ja- chaonyesha kazi inayotazamiwa kumalizwa. Hata hivyo hakisemi nani ataimaliza, wala kwa gharama ya nani. Hayo sharti hati iyataje waziwazi.

Nne, vipuri. Gerejini husemwa "spea", na hapana ubaya. Hatari imo katika "vyake": je, ni vile vilivyomo garini, au vilivyo sandukuni? Tena fundi asemapo injini "imefungwa", maana yake imewekwa mahali pake. Karani aweza kudhani haifunguki. Heri ziandikwe orodha mbili: "vipuri vilivyokwisha kufungwa garini" na "vipuri vya akiba".

Mafundi, mahakimu na walimu wenye maneno yafaayo zaidi wanaombwa watuletee, ili yajadiliwe kabla ya kusanifiwa.