MPANGAJI SI MVIVU: FUNZO KUTOKA AYALANDI

Wasomaji wenzangu, katika mdahalo wa chama chetu muhula uliopita nilisimama kifua mbele nikasema, "Mpangaji ni mvivu, hatunzi shamba la watu!" Nilipigiwa makofi si haba. Baadaye mwalimu wa historia aliniita kando akanipa kitabu kuhusu wakulima wa Ayalandi. "Kasome, kisha uje uniambie." Nimesoma, na leo naomba kuyafuta maneno yangu.

Mnamo mwaka wa 1870, takribani wakulima 97 katika kila 100 huko Ayalandi walikuwa wapangaji. Ardhi ilikuwa ya makabaila, wengine wakijikalia zao Uingereza. Hebu fikiri: unachimba mitaro ya kutoa maji, unaezeka nyumba upya, shamba linapendeza. Kabaila akiliona, anapandisha kodi! Ukishindwa kulipa unafurushwa, na jasho lako linabaki pale pale. Nani angejisumbua? Kaskazini, katika Ulster, desturi ilimruhusu anayeondoka kumuuzia mpangaji mpya haki yake. Huko angalau jasho lilikuwa na bei.

Viazi vilipooza kuanzia mwaka wa 1845, watu kama milioni moja walikufa, na wengi walioshindwa kulipa kodi wakatupwa nje. Miongoni mwa waliofurushwa alikuwa mtoto wa miaka minne kutoka Mayo, Michael Davitt. Mtoto huyo ndiye aliyekuja kuanzisha Umoja wa Ardhi mwaka wa 1879, Charles Parnell akiwa rais wake.

Silaha yao ilikuwa kususia. Mwaka wa 1880 walimsusia msimamizi mmoja wa mashamba huko Mayo, Charles Boycott. Vibarua wakamwacha, wenye maduka wakakataa kumuuzia. Ikabidi waletwe wavunaji kama 50 kutoka mbali, tena wakilindwa na mamia ya askari! Ndiyo maana mpaka leo Waingereza wakitaka kusema "kususia" hutaja jina lake.

Serikali ya Uingereza ikalegea. Sheria ya mwaka wa 1881 iliunda mahakama ya kukadiria kodi ya haki. Lakini dawa hasa ilikuwa sheria ya mwaka wa 1903, iliyoletwa na waziri George Wyndham. Serikali ilimlipa kabaila bei ya shamba na kumwongezea asilimia 12 ili akubali kuuza. Mkulima naye akairudishia serikali mkopo huo kidogo kidogo kwa miaka 68 na nusu. Ajabu ni kwamba malipo ya mwaka mara nyingi yalikuwa chini ya kodi ya zamani. Yaani unalipa kidogo kuliko jana, na mwishowe shamba ni lenu, wewe na wanao!

Si wote waliofaidi, lakini. Kibarua asiye na shamba la kukodi hakuwa na cha kununua.

Naam, umoja ni nguvu, na anayejua kwamba jasho lake halitaibwa hufanya kazi. Mdahalo ujao, nitafuteni upande wa pili!