Kizuri hakijiuzi mpaka kipigwe mionzi

KATIKA soko la vihisi vya silikoni vinavyonasa njia za chembe ndogo kuliko atomu, sifa za muuzaji hazitoshi. Mnunuzi huchukua sampuli, huzipiga mionzi mpaka zichakae, kisha huangalia kama bado zinafanya kazi.

Wanunuzi wakubwa ni ATLAS na CMS, majaribio mawili ya maabara ya CERN iliyoko mpakani mwa Uswisi na Ufaransa. Yote mawili yanaandaa vigunduzi vipya vya ndani kwa ajili ya ongezeko la migongano ya protoni, ambalo ratiba inalenga lianze mwaka 2030. Kihisi cha tabaka la ndani kabisa la ATLAS kinatakiwa kistahimili dozi inayolingana na nyutroni zaidi ya trilioni 10,000 kwa kila sentimita ya mraba.

Kwa kuwa hakuna awezaye kungoja miaka hiyo yote ipite, dozi hutolewa kwa haraka. Katika kinu cha nyuklia cha Taasisi ya Jožef Stefan mjini Ljubljana, Slovenia, kazi hiyo huchukua saa chache. CERN nayo hutumia protoni za mtambo wake wa PS. Baada ya hapo sampuli huhifadhiwa kwenye friza, maana joto hubadilisha madhara yaliyokwisha kutokea na kuvuruga vipimo.

Mtihani wa mwisho ni kupitisha chembe moja moja katika kihisi kilichopozwa. ATLAS inataka kati ya chembe 100 zilizopita, angalau 97 zionekane.

Adui mwingine ni umeme unaovuja. Silikoni iliyochakaa huvujisha zaidi, na kila joto linapopanda nyuzi 7 hivi za Selsiasi, uvujaji huongezeka maradufu. Umeme huo nao huleta joto, hivyo gharama ya kupoza huingia katika hesabu ya mnunuzi.

Bidhaa zinazoshindana ni mbili. Vihisi bapa ni rahisi kutengeneza, lakini vikichakaa hudai volti mia kadhaa. Vihisi vya 3D, vilivyobuniwa na Sherwood Parker na wenzake katika miaka ya 1990, vina nguzo za umeme zilizopenya ndani ya silikoni. Chaji husafiri mwendo mfupi, na volti zinazohitajika hupungua. Kasoro yake ni kwamba utengenezaji una hatua nyingi na vinavyoharibika kiwandani ni vingi.

Ndiyo maana wanunuzi huchanganya. Tabaka lililofungwa ATLAS mwaka 2014 lilikuwa na robo tatu ya vihisi bapa kutoka CiS ya Ujerumani, na robo ya 3D kutoka FBK ya Italia na CNM ya Hispania.

Kihisi kikishafungwa ndani, kukifikia ni lazima mtambo usimamishwe. Hasara ya sampuli chache ni nafuu kuliko hiyo.