Gemu Mpya Mbona Hazinogi Tena?

Aliyekulia Kasokola na kuzoea kushuka Mpanda mjini akiwa na shilingi mia mbili tatu mfukoni analikumbuka banda la gemu: televisheni ya chogo, PlayStation 2, pedi iliyozungushiwa gundi ya karatasi, na wavulana wamesimama nyuma yako wakiomba ufungwe. Ukifungwa unainuka, unampisha mwingine. Leo ana simu yenye nguvu kuliko mashine ile, lakini akifungua gemu, dakika kumi nyingi, anapiga miayo. Anajiuliza kama ndio uzee.

Tuanze na mkono. Ni kweli unapungua kasi, tena mapema. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Simon Fraser, Kanada, walichapisha uchunguzi wa wachezaji 3,305 wa gemu ya kompyuta ya StarCraft 2, wenye umri wa miaka 16 hadi 44. Kuanzia miaka 24 hivi, mchezaji alianza kuchelewa kujibu jambo jipya lililotokea kwenye skrini. Ila wakubwa walikuwa na ujanja wao: mbinu nyepesi na vitufe vya mkato. Sidhani kama hamu inafia hapo.

Mimi namshitaki mtengenezaji. Memori kadi ya PS2 ilikuwa na megabaiti 8 tu. Umeme ukikatika unalaani, unaanza upya, yamekwisha. Gemu kubwa za leo hula makumi ya gigabaiti kabla hujagusa pedi, kisha zinakupangia zamu. Ingia kila siku uchukue zawadi. Maliza kazi hizi kabla ya Jumapili. Nunua pakiti usiyojua imebeba mchezaji gani wa mpira. Mwanasaikolojia wa Marekani B. F. Skinner alishaonyesha kwa njiwa kwamba zawadi isiyotabirika ndiyo inayong'ang'aniwa zaidi, na mwaka 2018 tume ya kamari ya Ubelgiji ilitamka kuwa pakiti za namna hiyo, zikiuzwa kwa fedha, ni kamari. Mtoto wa miaka 15 ana jioni nzima ya kuitumikia ratiba hiyo. Mkulima wa tumbaku anayekesha akichochea moto wa bani la kukaushia majani ana zamu yake tayari. Aongezewe nyingine, tena kwa bando lake mwenyewe?

Anayebisha kuwa ni umri akasimame kidogo wazee wanapocheza bao. Mashimo 32, kete 64, hesabu inayoumiza kichwa, na mzee wa miaka sabini anatamba kama kijana. Bao halimtaki arudi kesho kuchukua zawadi. Mvua ikianza kete zinakusanywa, watu wanakimbilia barazani, na ubishi unaendelea huko huko. Aliyemfunga yuko mbele yake, anamcheka usoni.

Kama mashine ya zamani bado iko kabatini, ipanguse vumbi. Mwite yule mliyekuwa mkigombania pedi, mcheze mechi mbili tatu. Ukipiga miayo na hapo, basi nitakubali kuwa umezeeka.