Kikohozi cha Aliyepandikizwa Figo

Pamba inapovunwa Bariadi, Maswa na Itilima, mkoani Simiyu, vumbi hutanda mashambani na barabarani, na watu wengi hukohoa bila kushtuka. Aliyepandikizwa figo hana ruhusa ya kutoshtuka.

Upandikizaji figo nchini Tanzania ulianza Novemba 2017 katika Hospitali ya Taifa Muhimbili. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata mwaka 2018. Mgonjwa akiruhusiwa kurudi kwao Simiyu, hurudi na vidonge vya kumeza kila siku, aghalabu takrolimasi, maikofenoleti na predinisoloni. Vinaituliza kinga ya mwili isiishambulie figo aliyopewa na ndugu yake. Kinga ikishatulizwa, vijidudu navyo hupata upenyo, na mapafu ndiyo yanayopokea kila kinachoelea hewani.

Hatari ni kubwa zaidi miezi ya mwanzo, dozi zikiwa juu. Ndiyo sababu mgonjwa hupewa Septrini ya kinga, dhidi ya nimonia ya fangasi aitwaye Pneumocystis. Ukungu wa mahindi yaliyohifadhiwa mabichi nao hurusha mbegu za fangasi zinazoweza kuota kwenye mapafu yake; kupepeta nafaka kama hiyo awaachie wengine. Tena predinisoloni huficha homa: nimonia inaweza kukomaa huku kipimajoto kikionyesha mambo ni shwari.

Kinachonitia hofu zaidi ni dawa ya kikohozi chenyewe. Mtu anakwenda duka la dawa, anapewa erithromaisini. Dawa hiyo huzuia ini kuivunja takrolimasi. Takrolimasi inajaa kwenye damu na kuidhuru figo ileile iliyotafutwa kwa jasho. Rifampisini ya kifua kikuu hufanya kinyume: ini huivunja takrolimasi upesi mno, kiwango kinashuka, na mwili unaweza kuikataa figo. Kifua kikuu kwa mgonjwa huyu kinatibika, ila daktari wake lazima apime kiwango cha takrolimasi na kurekebisha dozi, au atumie rifabutini badala ya rifampisini.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama wewe au mtu wa nyumbani kwako amepandikizwa figo na ameanza kukohoa au kubanwa pumzi, nendeni hospitali siku hiyohiyo. Neno la kwanza kwa mhudumu liwe, "Nimepandikizwa figo," kisha mwonyesheni dawa zote anazotumia. Asiache hata kidonge kimoja kabla ya kliniki yake ya figo kupigiwa simu.